Saba Iliyotwangwa Kinuni

Nafula, senge wako Nanjala, yaani shangazi yako, ameajiriwa kufundisha hesabu shule ya upili, na Matete nzima imeshajua kwa sababu nimewaambia mimi. Sasa ndipo nakusalimu. Sisi tu wazima, ng'ombe amezaa, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza kama senge alizaliwa na hesabu kichwani, maana kuzidisha kwa saba kunakuliza na mwalimu atakuuliza shule zikifunguliwa. Mjukuu wangu, hata yeye alilia. Mimi niliishia darasa la nne, na hiyo ya saba sikuijua. Lakini kutwanga nilijua sana. Nikamwita tutwange muhogo mkavu kwa michi miwili, wangu ukipanda wake unashuka. Nikipiga, nauliza, "Saba mara sita?" Akipiga, anajibu. Akikawia, michi inagongana na unga unaturukia usoni.

"Mama, nikikosea utajuaje?"

"Mimi sitajua. Mchi ndio utajua."

Siku moja akanipa jibu la uongo haraka haraka. Akacheka mwenyewe, mchi wake ukapoteza mdundo na kugongana na wangu. Muhogo wa msimu ule ulipoisha, alikuwa akijibu huku akifukuza kuku. Huyo nilimzaa mimi, uwaambie wenzako huko Mombasa.

Babu amekuchongea mchi mwepesi. Tutachinja jogoo kwa ajili ya senge, halafu wewe utabaki nami likizo yote, tutwange. Mwambie baba yako nawangojea nyote Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Agosti.