Tatu Mbili Mkononi, Mama Mkwe Mezani

Mshauri mpendwa, salamu zikufikie popote ulipo, nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo, na naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika. Mimi ni fundi wa friji, nina mke na nyumba ya vyumba viwili, karakana yangu ni kibaraza cha mbele, na maisha yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka mama mkwe wangu, mkunga mstaafu, alipokuja kutibiwa goti. Tukampokea kwa moyo mweupe, goti likatibiwa, likapona, likaanza hata kupanda ngazi za sokoni, lakini mwenyewe akabaki, na mimi nitamwambiaje mama aliyenizalia mke kwamba aondoke, mdomo ukawa mzito, nikawa kila asubuhi namuuliza habari za nyumbani kwake, na yeye ananijibu kwamba nyumbani kwake ni kwema kabisa.

Sasa mama huyu anacheza poka, alijifunza wodini wakati wa zamu, na ametufundisha mimi na mke wangu ile ambayo kila mtu anapewa karata saba, moja baada ya nyingine, tatu unazificha na nne zinalala wazi mezani kila mtu anaziona, na kila karata ikiongezeka ama unatia dau ama unaweka karata zako chini na kusubiri mchezo mwingine. Dau letu ni vifuniko vya soda. Jumamosi moja baada ya kula nikajifanya mjanja, nikasema, "Mama, leo tucheze kwa kitu. Mimi nikishinda, nakukatia tiketi ya basi ya kwenda nyumbani." Akacheka, mke wangu naye akacheka kidogo, nikajua nimelipitisha kistaarabu. Mama akauliza, "Na mimi nikishinda, baba?" Nikamjibu, "Chochote utakachotaka, mama."

Mshauri, alichotaka kwanza ni kiti changu, kile chenye mito, ndiyo maana unaniona kwenye ndoo. Jumamosi iliyofuata akachukua redio, sasa nasikiliza kwaya saa ya mpira. Na si kwamba napata karata mbaya, hapana, napata karata ambazo zimebakiza kidogo tu. Siku ya redio nilificha tatu mbili, yaani karata mbili za namba tatu, nikasema moyoni nikipata ya tatu yake nimemaliza kazi, nikatia vifuniko, mke wangu akafunguliwa tatu moja mbele yake, mama akafunguliwa nyingine, mimi nikaendelea kutia nikisubiri, mpaka vifuniko vikaisha. Juzi ndiyo mbaya zaidi, nilikuwa na kopa nne, nahitaji moja tu zitimie tano, na imebaki karata ya mwisho. Mama akanitazama juu ya miwani.

"Mkwe, unasubiri nini?"

"Nasubiri kopa, mama," nikajibu, maana mtu mzima akikuuliza unajibu.

"Kopa tatu hizi hapa mbele yangu, na mbili ziko kwa mwenzio. Weka chini, baba, upumzike."

Nikaona ananitisha, nikasukuma vifuniko vyangu vyote, nikaletewa uru, na yeye akafunua kopa mbili alizokuwa amezificha. Mke wangu akasema, "Hivi wewe huwezi kuweka karata chini hata siku moja?" kisha akaenda kuosha vyombo, na tangu hapo ananijibu kwa kichwa tu. Jumamosi ijayo mama anataka tucheze kwa kibaraza. Akina mama wa mtaa wameshaanza kuja kumwonyesha matumbo, na anasema anahitaji mahali penye hewa pa kuwaketisha. Friji za watu nizipeleke wapi? Na nimeshakubali, kwa hasira. Nifundishe, hizi karata ndogo mbilimbili na hizi za kusubiri zinachezwaje, nishinde mara moja tu, aende zake bila mimi kumvunjia heshima.

Fundi wa kwenye Ndoo

*

Fundi, pole. Nimecheka, kisha nikakuhurumia, kisha nikacheka tena, nisamehe.

Tuanze na zile tatu. Karata za tatu ni nne tu duniani. Mbili ulizificha wewe, moja iko kwa mkeo, moja kwa mama. Ulikuwa unatia vifuniko kusubiri tatu ya tano. Karata za wazi zinawekwa wazi ili uziangalie, na wewe unaangalia za kwako tu, kama mtu anayejitazama kwenye kioo huku gari linamjia. Karata ndogo mbili zinazofanana zichezee pale ambapo wenzao hawajaonekana mezani, na karata nyingine uliyoanza nayo iwe kubwa, ree au mfalme. Ukiona mtu amefunguliwa karata inayoweza kukuzidi naye anatia dau kwa raha, weka chini. Hata ukipata jozi ya pili, ya kwake itakuwa kubwa kuliko yako.

Za kusubiri nazo zina masharti. Ukianza na kopa tatu, zinavumilika kama kopa hazijajaa mezani, na kama kuna watu wengi wanaotia dau, ili siku zikitimia tano ulipwe uvumilivu wako. Ninyi mko watatu. Unasubiri kwa gharama kubwa upate kidogo. Karata mbili zinazofuata zisipokuletea kopa, toka. Na mtu akikuuliza unasubiri nini, hata awe mkweo, jibu, "Nasubiri zamu yangu, mama." Heshima haikulazimishi kusoma karata zako kwa sauti.

Sasa nikugombeze. Mama huyo amekaa na watu walioshindwa kusema wanapoumia maisha yake yote. Unadhani ile tiketi ya basi hakuielewa? Aliielewa kabla hujamaliza sentensi. Ulimfukuza kwa mzaha, na yeye anakujibu kwa mzaha, samani moja baada ya nyingine. Tena alikwambia uweke chini, akakuonyesha na kopa ziko wapi. Anayetaka kukumaliza hafanyi hivyo. Na mkeo umemgeuza mpinzani wa mezani kwenye jambo la mama yake mzazi, bila kumuuliza hata siku moja yeye anataka nini. Ndiyo maana anaongea kwa kichwa.

Leo, ukimaliza kusoma, mwite mkeo faragha na umuulize. Umsikilize mpaka amalize. Mkishakubaliana, kesho mwende nyote wawili kwa mama, umkalishe, umwambie mwenyewe kwa mdomo wako: mama, kibaraza ndicho kinachotulisha, nilikubali kwa hasira, nakiondoa mezani, naomba radhi. Kisha mwambieni mlichoamua, awe mgeni mpaka siku fulani au awe mwenyeji mwenye chumba chake, na akina mama wajawazito watafutiwe kivuli kwingine. Atakasirika asubuhi, jioni atakula.

Jumamosi chezeni vifuniko kwa vifuniko. Ila watatu ni wachache kwa mchezo huo, na mama kama huyo anastahili meza iliyojaa. Mimi Jumamosi sina kazi. Muulize kama wa nne anaruhusiwa, na umwambie mapema kwamba mimi karata zangu naweka chini.