Usiifungue Mashine Yote

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Shelui tu wazima, babu yako anapura alizeti.

Unasema programu unayoiandika imegoma na unataka kuifuta yote. Acha! Nilipokuwa kijana, mashine yangu ya kukamua alizeti iligoma, wateja wamejaa. Shemeji yangu akacheka: "Shemeji, uza chuma chakavu!" Fundi akataka kuifungua yote. Nikakataa. Nikakaza mkanda tu, nikajaribu debe moja. Hakuna mafuta. Nikazibua matundu yaliyojaa mashudu, yale makapi ya alizeti, nikajaribu tena. Mafuta yakachuruzika. Shemeji hajaniomba radhi mpaka leo.

Nawe soma kwanza kosa ambalo kompyuta inakuonyesha. Badilisha mstari mmoja, endesha, tazama. Ukikwama, niambie ni mstari gani. Usiniambie umeshindwa.

Bibi yako