Nilivyotangaza Msiba wa Jiko la Shule

Jumamosi jioni, Chanika. Wingu limetanda upande wa Korogwe tangu asubuhi, na joto linatutoa jasho hata kivulini. Nimechoka, mikono imejaa masizi, na kila nikikumbuka mambo ya leo nacheka peke yangu mpaka mume wangu anachungulia mlangoni kuona kama niko salama.

Acha niseme yote, hata yanayoniaibisha.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wazazi wa shule anayosoma binti yangu Nuru, darasa la kwanza. Majuzi upepo uling'oa paa la jiko la shule. Tangu hapo Mama Zaina, mpishi wetu, anapika uji juani, moshi unamfuata kila anakohamia. Jumanne mwalimu mkuu aliniita akanikabidhi barua: anaomba kila mzazi achangie shilingi elfu ishirini za paa jipya. Akaongeza, kwa ule upole wake, kwamba mvua ikianza kabla ya paa kupatikana, uji utasimama. Nikamwambia, "Nimeelewa, mwalimu," nikaitia barua kwenye pochi.

Wapo watoto wanaotembea mwendo mrefu kufika pale, na huo uji ndio kitu chao cha kwanza kutia tumboni. Nuru mwenyewe akiukosa anarudi nyumbani amelegea. Lakini elfu ishirini! Mwaka huu mahindi yametuangusha. Kule Kang'ata kwa wakwe zangu walichovuna hakifiki mbali. Nilijua kabisa watakachosema wazazi wenzangu: katibu naye keshaanza kula. Nikakaa na ile barua siku tatu. Kila nikishika simu niandike, nakumbuka kuna vyombo havijaoshwa.

Niliogopa. Ndiyo hivyo tu.

Jana jioni nikajikaza. Kwa kuwa sijui kuomba hela, nikautafuta ujumbe wa zamani niliotuma kikundini tulipofiwa na mzazi mwenzetu. Ule ulikaa vizuri, una adabu zake. Nikafuta maneno ya katikati, nikaweka habari ya jiko na elfu ishirini, na kwamba tukutane shuleni Jumamosi saa tatu asubuhi. Nikatuma. Kisha nikazima simu ili nisisome matusi.

Leo nafika shuleni, sikuamini macho yangu. Uwanja umejaa! Akina mama wamejifunga kanga, wametandika mikeka. Kuna kuni, kuna viroba vya unga, kuna sufuria za kupikia watu mia. Akina baba wamesimama na majembe. Baba Elia, fundi seremala mwenye asili ya Lutindi ambaye karakana yake iko Korogwe, amekuja na pikapu nzima ya mbao. Hata bakuli la mchango lilishawekwa, na watu wanatia chochote walicho nacho bila kunung'unika.

Nikajivuna, nisidanganye. Nikajisemea moyoni, kumbe nina maneno matamu kiasi hiki?

Ndipo bibi mmoja akanikumbatia huku analia. "Pole, katibu. Mpishi wetu jamani, hata kuumwa hakuumwa!"

Nikawasha simu, nikasoma ujumbe wangu mwenyewe. Mwanzo sikuugusa: "Ndugu wazazi, kwa masikitiko makubwa nawatangazia msiba mzito uliotufika." Na mwisho sikuugusa: "Akina mama tuje na kanga na chochote cha kupika. Akina baba msisahau majembe." Katikati nani asome? Waliona msiba, wakaona jiko, wakaona mchango, wakamalizia wenyewe kwamba Mama Zaina amefariki. Maskini anaishi peke yake kwenye chumba cha uani pale shuleni, na simu hana. Walipofika wakakuta mlango umefungwa. Wakakaa mbele yake wakaanza kulia, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kizigua.

Na Baba Elia, ambaye kila msiba ndiye analeta mbao, alikuwa ameleta mbao za kaburini.

Kabla sijafungua mdomo, Mama Zaina huyo anatokea kisimani, ndoo kichwani. Akaona umati mlangoni kwake. Akaitua ndoo, akashika kichwa. "Jamani, nani amekufa?" Hakungoja jibu, akaanza kulia naye.

Kisha ikawa vigelegele, watu wakamrukia, wengine wanamshika mikono waone kama ina joto. Yule bibi aliyenikumbatia akawa anamkung'uta mgongoni utadhani anamtoa vumbi. Mwalimu mkuu, ambaye ndiyo kwanza anafika, akaomba simu yangu, akausoma ujumbe kwa sauti, neno kwa neno, mwanzo hadi mwisho. Nilitamani ardhi ipasuke.

Aliyeanza kucheka ni Mama Zaina. Alicheka mpaka akakaa chini, na sisi sote tukafuata. Alipopata pumzi akasema taratibu, "Mimi nilidhani siku yangu nitazikwa na mgambo na walimu wawili. Sikujua nina watu wote hawa." Hapo nililia kweli, wala si kwa aibu.

Baba Elia ndiye aliyetuamsha. "Mimi hizi mbao sizirudishi Korogwe," alisema. "Na majembe mmeshayabeba. Basi tufanye msaragambo, kila mtu atie mkono, jiko lisimame leo leo."

Mabati yaliyong'olewa yalikuwa yamerundikwa nyuma ya ofisi, yamepinda kama vitumbua vilivyoungua. Wazee wakayalaza chini wakayanyoosha kwa magogo. Yaliyofaa yakatosha karibu jiko zima. Lile bakuli, baada ya wenyewe kukubali, likanunua mabati yaliyopungua na misumari. Akina baba wakachimba mashimo ya nguzo mpya. Akina mama tukapika ule unga wa msiba, tukala wote, na viroba vilivyobaki vikaingia stoo kwa ajili ya uji. Mwalimu mkuu akaichukua barua yake mkononi mwangu, akaikunja, akaitia mfukoni. Habari ya elfu ishirini imekwisha.

Saa kumi msumari wa mwisho uligongwa. Nikaenda kumwomba Mama Zaina radhi, nimepiga goti kabisa. "Shikamoo mama. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Umeniua bila ruhusa yangu," akasema, uso mkavu. "Kwa hiyo wiki ijayo yote unakoroga uji wewe. Mimi marehemu napumzika."

Wazazi wakapiga makofi, faini ikapita.

Basi nimeikubali, na kwa furaha. Jumatatu alfajiri nitakuwa jikoni na mwiko, na Nuru atapanga foleni na kikombe chake kama wenzake.

Mvua inyeshe tu.