Bega Alilolitengeneza Mama

Vikokotoni, Unguja
Mfunguo Saba, 1326

Kwa dada yangu mpenzi Wanu binti Borafya, Mombasa.

Shikamoo dada. Nakuletea salamu nyingi za mapenzi na shauku, wewe na shemeji Khelef na kichanga chenu. Nilipata habari kwa mtu aliyeshuka melini kwamba umejifungua salama mtoto wa kike, nikamshukuru Mungu. Kwa hesabu yangu arubaini yako imekwisha, nami nilikuwa naingojea iishe ndipo nikuandikie. Ukiniuliza hali, mimi mzima wa mwili. Habari za mama nitakuja nazo, dada yangu, nipe nafasi. Nikianza nazo hutosoma mengine.

Khati ikiwa mbaya usinicheke. Barua zote tangu nilipoanguka aliniandikia Maalim Msabah, jirani yetu, lakini hii naiandika mwenyewe kwa mkono wangu wa kuume. Naam, ule ule ulioharibika.

Ulielezwa kwamba nilianguka mkarafuu kule Dole, bega likateguka, na Fundi Mmanga akalirudisha mahali pake. Hukuelezwa yaliyofuata. Kitambaa alichonifungia kilipofunguliwa mkono ulikuwa umeganda ubavuni, hata kofia siwezi kujivika. Forodhani wenzangu wa uhamali walishamtia mtu mwengine kwenye mti wetu wa kubebea mizigo, na siwalaumu, mzigo haungoji mgonjwa. Nikalala kitandani nikageukia ukutani nikasema basi, mimi nshakuwa kilema. Lo! Mama alinijia juu, wewe unamjua. Alisema kama nataka kulala mchana kutwa nitafute mke wa kunipepea, yeye hana kazi hiyo.

Tangu siku ile hakunipa nafasi ya kupumua. Asubuhi ananikandakanda kwa mafuta ya nazi hadi machozi yananitoka, kisha naambiwa niiname, nishike ukingo wa kitanda kwa mkono mzima, ule mbovu niuachie uning'inie na kuutikisa mbele na nyuma. Baadaye ikawa ukutani. Vidole vitambae juu taratibu, na pale vinapokwama mama anachora kwa mkaa. Kesho yake nikikwama chini ya alama, ananitazama tu, nami nasukuma tena. Akatupa kamba juu ya boriti, mkono mzima uvute, ule mgonjwa upandishwe. Fundi Mmanga alipokuja akatikisa kichwa, akasema kwa mama huyu yeye hana tena la kufanya hapa.

Halafu mama akanitia kwenye kazi ya kinu. Mimi, dada, hamali wa forodhani, natwanga mpunga uani! Wanawake wa mtaa wakawa wanapita makusudi. Mmoja akauliza kanga zangu nitazivaa lini. Nilikasirika nikautupa mchi, mama akauokota akanirudishia mkononi, akasema aibu haivunji bega, nitwange. Nikatwanga. Na kweli nguvu zikaanza kurudi, mpaka nikawa nanyanyua ndoo ya maji juu ya kichwa bila kuguna.

Nilidhani tumemaliza. Nikasema nakwenda forodhani kuomba nafasi yangu. Akanambia bado.

Unalikumbuka shimo nyuma ya nyumba tulilochimba udongo wa kukandikia? Linanifika kifuani. Mama alilikunja godoro la sufi na mito ndani, akalifunga kwenye mkeka, kisha akaniamrisha nishuke shimoni. Yeye na jirani yetu Bi Mwanakheir wanaliteremsha kutoka juu, mimi nalipokea kwa mikono miwili na kulilaza chini. Ati bega linalobeba haliwi zima mpaka lijue na kupokea. Nikilishusha kwa kishindo, ananifokea kwamba hili si gunia la muhogo. Nilipokee kichwa kwanza, ndivyo alivyokuwa akiuita upande mmoja wa mkeka, mkono wa kuume upite chini ya mabega, nisiliachie mpaka limetua, kisha niligeuze taratibu liegemee ukuta, na siku zote ukuta ule ule. Siku moja Bi Mwanakheir aliachia upande wake akajifunika uso kwa kanga. Nikadhani anacheka. Mama akamkemea, akamwambia ashike vizuri au aende kwake.

Nami, mpumbavu wako, nikawa namwona mama anakonda, namuuliza, anajibu kuwa analipa funga zake za Ramadhani. Nikaamini! Tulilala nyumba moja, nikala mkononi mwake, nikaamini.

Sasa nisikilize, dada yangu, na ikiwa umempakata mtoto mpe mtu amshike. Mama hatunaye. Alifariki Ijumaa asubuhi, mwezi uliopita, Mungu amrehemu. Alikuwa na uvimbe kifuani, kwenye ziwa, tangu kabla sijaanguka, akauficha, asijue mtu ila Bi Mwanakheir. Wewe hukuambiwa kwa sababu ya mimba yako, na mimi sikuambiwa kwa sababu ya bega langu. Habari ya mtoto ilifika siku ya hitima. Hakuwahi kuisikia, na hilo linaniuma kupita yote.

Pale makaburini wakauliza nani maharimu wa marehemu, jamaa yake wa damu, ashuke ampokee. Baba hayupo, mjomba Shaame alikuja kutoka Makunduchi lakini hata kusimama anashikwa. Nilikuwa mimi tu. Maalim Msabah alishuka kunisaidia miguuni, kwa kuwa hapana budi. Wakamteremsha. Nilinyanyua mikono yote miwili, na wa kuume ukapanda kama wa kushoto. Nikampokea kichwa kwanza. Mkono ukapita wenyewe chini ya mabega yake, ndipo nikafahamu, dada. Pale pale ndani ya kaburi nikafahamu nilichokuwa nikifundishwa. Nikasikia sauti yake ikinifokea nisimwachie mpaka ametua. Sikumwachia. Nikamlaza ubavu wa kuume, nikamgeuza, akaegemea ukuta wa kibla. Alikuwa mwepesi kuliko lile godoro.

Baadaye Bi Mwanakheir alinambia mama alikuwa akisema, nina mtoto mmoja tu mwanamume, sitaki kupokelewa na mtu baki.

Watu wa forodhani wameniita nirudi. Nitakwenda, lakini mkono huu kila ukinyanyuka namwona yeye, na wallahi kuna siku natamani ungebaki umeganda, labda angeningoja.

Njoo dada, shemeji akikupa ruhusa, na mtoto uje naye. Nataka nimpokee mimi ngazini utakaposhuka. Usiogope kunipa, najua kushika kichwa.

Nisalimie shemeji Khelef, na mbusu mtoto kwa niaba ya bibi yake. Mjomba Shaame na Bi Mwanakheir wanakusalimu wakilia. Mungu atupe subira sote wawili.

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Jecha bin Borafya