Maelezo ya Mifleh Dughaym Kuhusu Jiwe la Kushindilia Paa

KITUO CHA POLISI KAFR SUMMAQ

Jina: Mifleh bin Dughaym. Umri: miaka 78, cheti kinasema 74, kimekosea. Kazi: mkulima wa mizeituni, na zamani mshindilia paa asiye na mpinzani kijiji kizima. Makazi: Kafr Summaq, mtaa wa juu.

Mnamo tarehe 6/11/2019, saa tatu asubuhi, nilifika kituoni bila kuitwa na mtu. Mpwa wangu Ghassub, mtoto wa marehemu dada yangu Khazna, alikuwa mahabusu siku ya pili, eti ameghushi maandishi ya kale. Harusi yake ni kesho.

Jiwe ni la nyumba yetu ya zamani. Ni la mviringo kama gogo, nasi tulilivingirisha paani kila baada ya mvua ili udongo ushikamane. Lina mistari mitatu ya maandishi. Ghassub alilipeleka makumbusho walitazame. Dkt. Rudayna, mtaalamu, akasema herufi za pembeni ni kali mno, zimechongwa juzi.

Nilimkuta hapa kituoni. Nikamwambia, "Binti yangu, jiwe hilo lina tumbo. Tumbo ndilo linalosagika, pembeni haligusi sana."

Akaniuliza, "Hajj, unajua kusoma?"

"Sijui. Hata hati yangu ya ndoa sijui inasema nini, ndiyo maana nimedumu."

Sajini Nawwaf alicheka. Daktari hakucheka. Akasema maneno matupu si ushahidi.

Hapo ikanibidi niseme. Mwaka 1985 nilikandika paa lile mara ya mwisho. Khazna alipiga kelele kutoka uani, "Mifleh, umezidisha maji, jiwe litazama!" Nikamwambia afunge mdomo. Jiwe likazama, nikaling'oa, likaacha shimo. Udongo ulipokauka nikapiga mabati juu, watu wasione. Miaka thelathini na minne nimekana kuwa lilizama.

Saa tano tulipanda paani, mimi mbele, Sajini na daktari nyuma wakihema. Tuling'oa mabati mawili. Herufi zilikuwa zimesimama kwenye udongo, safu kwa safu, kinyumenyume. Daktari akapiga magoti, akatoa kioo kwenye mkoba wake, akasoma humo. Kisha akapiga makofi kama mtoto.

"Ghassub ana umri gani?"

"Ishirini na saba."

"Basi hakuchonga yeye. Umri wa maandishi tutaubishania hadi tuzeeke, ila ya juzi siyo. Limeandikwa jina la mtu, na kwamba nyumba aliijenga peke yake."

Nikasema, "Huyo ni wa ukoo wetu."

Nilitaka tucheze dabke, ngoma yetu ya harusi, palepale. Sajini alikataza, kwa kuwa paa sasa ni kielelezo.

Saa nane mchana Ghassub aliachiwa. Alinikumbatia, akacheka mpaka machozi. "Mjomba! Kumbe mama alikuwa anasema kweli!"

Nikamjibu alikuwa anasema kweli.

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo, nami siongezi wala sipunguzi.

Alama ya shahidi: (dole gumba la kulia)

Maelezo ya mwandishi: Nilimsomea shahidi maelezo yake. Aliomba maneno "umezidisha maji" yafutwe. Nilimweleza kuwa hayo ndiyo yaliyomtoa mpwa wake. Akaomba wino, akatia dole. — Sajini Nawwaf, saa 9:20 alasiri.