Mafundo Yako Kwenye Ramani ya Mtopanga

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako siisikii, lakini wewe ndiye uliyenifunza nisianze neno bila salamu. Leo nina habari tamu, naandika huku nacheka peke yangu kama mwehu.

Njia imefunguliwa! Ile yetu ya kukatizia kwenda zahanati. Ah, lakini hujui hata kama ilifungwa. Ngoja nianze mwanzo.

Unakumbuka Jumamosi ile niliyokufungia simu kwenye pindo la leso? Sisi wa kujitolea tulikuwa tunachora vichochoro vya Mtopanga kwenye ramani ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuichora na kuitumia bure. Kazi yenyewe ni kutembea tu, simu inaandika unakopita. Mimi mguu ulikuwa umeteguka, nikakwambia, "Mama, kwa vile unapeleka mahamri, nenda nayo. Pita moja kwa moja, usisimamesimame." Ukajibu, "Abee, mwalimu." Kisha ukaenda ukasimama kila mlango!

Mstari ulirudi una mafundo kama uzi uliochezewa na paka. Kwa Mama Kadzo fundo, kwa fundi cherehani fundo. Njia ya dakika kumi umeifanya saa nzima. Nilikufokea, Mama, nikasema umeniharibia kazi. Nikayaondoa mafundo yote, nikaunyoosha mstari, ndipo nikautia kwenye ramani. Nisamehe.

Hata arubaini yako haijaisha, kile kiwanja cha katikati ya njia kikazungushiwa mabati. Kina mama wenye watoto wagonjwa wakawa wanazunguka hadi barabara kubwa, jua la utosi. Mama Kadzo na tumbo lake la miezi minane alizunguka huko, akarudi analia. Tukaenda kwenye baraza la chifu, mimi na ramani yangu mkononi.

Mwenye kiwanja, bwana mmoja mpole wa maneno, akaitazama. "Mstari ulivyonyooka hivi, si umeuchora kwa rula? Mimi nilinunua kichaka. Hapajakuwa na njia pale."

Kweli ulikuwa umenyooka, na aliyeunyoosha ni mimi.

Nikafungua simu. Rekodi yako ya kwanza ilikuwamo bado. Nikaanza kusoma fundo moja moja. Mama Kadzo akainuka: "Hapo ni kwangu, aliniuliza mpaka hali ya kuku!" Fundi cherehani naye akainuka. Baraza zima kicheko. Nikafika kwenye fundo kubwa kuliko yote, robo saa nzima, katikati ya kiwanja. Nikasema hili silijui, hapa hapana nyumba.

Yule bwana akauliza ilikuwa siku gani. Nikamwambia. Akaguna.

"Yule mama wa leso ya kijani? Siku hiyo nilikuja kuangalia kiwanja. Alinikuta nimesimama juani, akaniuliza habari za wazee, za watoto, za safari, akanipa hamri la moto na kunikaribisha mtaani. Ndiyo siku niliyoamua kununua."

Chifu akamuuliza, "Naye alikuwa akipita wapi?"

Bwana akainamisha kichwa. "Hapo hapo. Njiani."

Wallahi, Mama, nililia na kucheka kwa pamoja.

Mabati yamerudishwa nyuma, na njia ni pana, watu wawili wanapishana bila kugusana. Mama Kadzo aliipita kwa miguu yake kwenda kujifungua. Amepata msichana, kampa jina lako, na kwa kelele zake jina limemfaa. Bwana wa kiwanja siku hizi hawezi kupita kwetu bila kuulizia mahamri. Nayapika mimi. Hayajafika yako, lakini anakula.

Mstari wako nimeurudisha kwenye ramani ulivyokuwa, pamoja na kila fundo. Nakuahidi sitakunyoosha tena.

Basi, kwaheri, Mama. Mungu akulaze pema. Kesho tunaanza kuchora upande wa Mwakirunge, na simu nitaifunga kwenye leso yako ya kijani. Nitapiga hodi kila mlango. Nitachelewa kurudi, usiningoje.

Mwanao,
Zuhura