Sauti Yangu, Midomo Yako

Medianía Alta,
Loíza, Puerto Rico.
Tarehe 11 Novemba, 2019.

Mpendwa mdogo wangu Nereida,

Nakusalimu kwanza, maana mama yangu angefufuka kunichapa nikianza na maneno mengine. Hujambo? Mwanao Jadiel hajambo? Nasikia ametimiza miaka kumi na mitano na anainama akipita mlangoni. Na goti lako la kulia, bado linakusumbua baridi ikianza?

Mimi ni mzima. Sukari imeshuka, paa tumeliezeka upya baada ya kimbunga, na ule mparachichi uliobaki nusu umezaa. Najua unashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu ungenikatia. Barua utaisoma, hata kama ni kwa kujifungia bafuni, nakujua.

Habari yenyewe ni ya Quique Centella. Usiiweke barua chini, soma.

Alikuja kwangu mwezi wa nane na boksi la keki za mapera, nywele kazipaka rangi nyeusi ti. Akakaa kibarazani bila kukaribishwa. "Migdalia, mama, wewe huzeeki! Unakula nini?"

"Nakula hasira, Quique. Sema shida yako."

Shida yake ni kwamba sanduku la kanda zake za muziki za zamani liliingia maji siku ya kimbunga, likaoza lote. Humo ndimo ilimokuwa ile salamu, unaikumbuka, sauti yangu ya miaka kumi na saba iliyofungua kila kanda yake: "Fungueni masikio, amewasili Quique Centella!" Nakala zilizobaki kwa watu zimejaa ngoma na mikwaruzo. Sasa alikuwa anaandaa tamasha la miaka ishirini na tano katika ukumbi mkubwa kule Hato Rey, na bila salamu ile, alisema, watu hawatasisimka, kwa hiyo nije niiseme upya jukwaani. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mzee wa miaka hamsini na mbili hawezi kuingia mahali mpaka nimtaje mimi!

Salamu ile niliirekodi kwenye gereji ya mama yake, mataulo yametundikwa ukutani kuzuia mwangwi, jogoo wa jirani akitukatiza kila mara. Siku hiyo hiyo nikarekodi na viitikio sita. Hapakuwa na msichana mwingine huku kwetu aliyethubutu kupokezana mistari na wale wavulana, na muziki wenyewe, wa kufokafoka juu ya ngoma, ulikuwa mpya, kila mtu akiuita jina alilotaka. Polisi wakaja kukusanya kanda zetu madukani, eti ni matusi matupu. Wavulana walipowatukana wanawake kwa mistari, mimi ndiye niliyewajibu kwa mistari, na wanawake wa mtaani wakanipigia masufuria dirishani. Kanda zilipotoka, jina langu halikuwamo. Nikamuuliza Quique. Akasema, "Jalada limeshachapishwa, mama." La kwanza limeshachapishwa, la pili limeshachapishwa, mpaka la tisa.

Halafu ukaja wewe, binti wa mama yangu mdogo.

Sikukuu ya mji wa Carolina, mwaka tisini na sita. Quique aliniambia nina sauti ya redio na sura ya jikoni. Akakupandisha wewe, suruali nyeupe ya kubana, unachezesha midomo huku sauti yangu ikitoka kwenye kanda. Mimi nilikuwa chini, kando ya kibanda cha vyakula vya kukaanga, nimeshika mkoba wako.

Hilo ningelimeza. Ulikuwa na miaka kumi na sita, tena mzuri, nani asingepanda? Lakini ulirudi nyumbani ukamwambia mama yangu kwamba nimekubali mwenyewe, kwamba naona haya mwili wangu. Mama amekufa akiamini hivyo. Siku zake za mwisho alikuwa akinipapasa mkono na kusema, "Wewe ni mzuri, Migdalia, usione haya." Nilishindwa hata kumbishia. Hilo, Nereida, limenikaa kooni mpaka leo.

Quique alipokutupa mwaka uliofuata, baada ya kupata mwembamba kuliko wewe, nilifurahi. Sikufichi. Wewe ukapanda ndege, mimi nikabaki. Nimeimba kwa jina langu kwenye sikukuu za miji midogo, kwenye harusi, hata kwenye ufunguzi wa duka la matairi, na asubuhi nikarudi kupika kwenye jiko la shule. Siku hizi wasichana wanaojaza viwanja wanakuja kibarazani kwangu kuomba baraka. Wanasema mimi ndiye niliyewafungulia mlango. Nawabariki, nawapakulia wali na maharage, wanakula mpaka ukoko.

Basi nilimuuliza Quique swali moja tu: "Na kwenye bango, jina langu litakuwepo?" Akapangusa makombo ya keki mdomoni. "Ah, mama, bango limeshachapishwa." Nikamwambia sawa, nitakuja. Akanibusu shavuni, mjinga yule.

Nilishona gauni la manjano. Jumamosi ya tarehe mbili nikasimama mbele ya ukumbi uliojaa pomoni, Quique yuko nyuma ya pazia, mikono juu tayari, mashine ya moshi inamfukizia miguuni. Nikashika maiki. "Fungueni masikio!" Nereida, ukumbi ulilipuka. Wanawake wa rika letu waliijua sauti, wakaanza kushikana mikono na kulia. Nikasema, "Amewasili..." Nikawaacha wasubiri. Kisha nikasema, "Migdalia Cirino Osorio, binti wa Provi, wa Medianía Alta, Loíza!" Nikaanza kiitikio cha kwanza kile, bila ngoma, bila chochote. Wakakiitikia chote, neno kwa neno. Viitikio vyote sita niliviimba. Quique alikuwa bado kwenye moshi wake, anakohoa.

Alipotoka mwishowe hakuna aliyemtangaza, na watu walikuwa wanaita jina langu. Akanifuata nyuma ya jukwaa, rangi ya nywele inamchuruzika shingoni. "Umeniua, Migdalia. Mbele ya watu wote! Sentensi moja tu nilikuomba, ungepungukiwa nini kunitaja?"

Nikamjibu, "Bango lilikuwa limeshachapishwa, baba."

Nimelala vizuri wiki nzima. Wanaosema kisasi hakina raha hawajakijaribu.

Sasa zamu yako. Nilikuwa nimepanga kukutaja palepale, wewe na suruali yako nyeupe, watu wajue midomo ile ilikuwa ya nani. Neno lilifika kwenye ulimi nikalirudisha. Usinishukuru, sikukuonea huruma. Nilikuwekea kitu kingine.

Mwezi wa pili nakuja kuimba huko kwenu Orlando. Bango nimelisoma mwenyewe, jina langu lipo. Nimewaambia waandaaji kwamba wa kunitangaza ninaye tayari, ni ndugu yangu. Utakuja na mama yako, mama mdogo Luz, akae mstari wa mbele, maana yeye naye uongo ule aliusikia. Utanishikia mkoba wangu mpaka zamu yangu ifike. Kisha utapanda, mbele ya watu, na safari hii hakuna kanda. Utafungua kinywa, utalitaja jina langu lote na jina la mama yangu, kwa sauti yako mwenyewe. Usipokuja, nitakutangaza mimi.

Msalimie sana mama mdogo Luz, mwambie parachichi lake la kwanza namletea. Jadiel akiomba baraka yangu, mpe: Mungu ambariki na amwepushe na watu aina ya Quique. Wewe nawe Mungu akulinde mpaka mwezi wa pili, akutunzie na koo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado, ingawa umenitaabisha,

MIGDALIA CIRINO OSORIO.

Jina nimeliandika kwa herufi kubwa ili ulisome vizuri. Anza mazoezi.